LESENI NI YA BWANA MKUBWA, ADHABU NI YA MFANYAKAZI



Mwezi uliopita, katika mkutano wa chama chetu cha akiba na mikopo, wanachama watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakaomba mkopo wa namna moja. Hawakutaka mabati, wala ada ya shule, wala fedha za matibabu. Walitaka fedha za kumlipa wakala mjini, ili awapatie "cheti cha udhamini" cha kwenda kufanya kazi Uingereza. Kamati iligawanyika. Wengine walisema, mwenzetu akifika huko deni atalirudisha kwa miezi michache tu. Wengine walisema, huyo wakala hatumjui. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano ujao, na wajumbe wa matawi wakaniomba niandike maoni yangu katika ukurasa huu, ili kila mtu ayasome kabla ya kunyoosha mkono.

Maoni yangu nayaweka mbele, asiwepo wa kusema amezungushwa. Chama kisitoe hata shilingi moja kwa ajili ya kununua cheti cha udhamini. Sisemi hivyo kwa sababu kusafiri ni kosa. Sisi wenyewe wengi ni watoto wa watu waliosafiri kutafuta kazi. Nasema hivyo kwa sababu cheti hicho si bidhaa. Hakiuzwi kwa mfanyakazi. Anayekiuza ama ni mwizi, ama ni mshirika wa mwajiri mwizi.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini jambo hili nimelifuatilia kwa miaka miwili, nikiuliza na kusomewa, kwa kuwa limeingia nyumbani kwangu.

YALIYOMPATA MPWA WANGU

Mwaka 2023 mtoto wa dada yangu aliuza shamba la kahawa la ekari moja na nusu, pamoja na ng'ombe wawili. Fedha zote, shilingi milioni 28, akampa wakala. Aliahidiwa kazi ya kutunza wazee, saa 39 kwa juma. Alipofika alipewa saa 12, na juma jingine hakupewa kazi kabisa. Walilala watu sita katika chumba kimoja, na kodi ya chumba ilikatwa kwenye mshahara kabla hawajauona. Alipomwuliza msimamizi habari za saa zake, akajibiwa: "Wewe lalamika tu. Leseni yetu ikichukuliwa, wewe ndiye utakayerudi kwenu."

Akanyamaza. Wenzake nao wakanyamaza. Na mwaka uliofuata leseni ilichukuliwa vilevile, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyelalamika. Usiku mmoja alinipigia simu. "Mjomba," akasema, "barua imekuja. Wamenipa siku 60."

Nilimwuliza amekosa nini. Akasema hakukosa kitu. Aliyekosa ni mwajiri. Nikasema basi aadhibiwe mwajiri. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Siku 60 zikapita bila kupata mwajiri mwingine. Leo yuko hapa, anakata miwa katika kambi ileile aliyozaliwa, na shamba la kahawa lina mwenyewe mwingine.

Nami nina lawama yangu. Alipokuja kuniaga na bahasha ya fedha, nilimbariki. Sikumwuliza hata swali moja. Mimi ninayewauliza wakubwa maswali kila siku kuhusu uzito wa mizani ya majani ya chai, sikuuliza leseni ya mwajiri wa mpwa wangu iko wapi.

LESENI INAVYOPATIKANA

Sasa tusikilizane vizuri. Tangu Novemba 2008, mwajiri wa Uingereza anayetaka kumleta mfanyakazi kutoka nje hana budi awe na leseni ya udhamini, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Kabla ya hapo mwajiri aliomba kibali kwa kila mfanyakazi mmoja mmoja. Siku hizi hupewa leseni yeye kwanza, kisha kwa leseni hiyo huwapa watu vyeti vya udhamini. Mwenye cheti ndiye anayeweza kuomba viza. Bila leseni hakuna cheti, na bila cheti hakuna viza.

Mwajiri hujaza fomu na kulipa ada. Mwaka 2025 ada ya leseni ilikuwa pauni 574 kwa mwajiri mdogo, na pauni 1,579 kwa mkubwa. Baada ya kuomba hupewa siku 5 za kazi kupeleka hati zake: hati za benki, hati za kodi, na bima ya wafanyakazi isiyopungua pauni milioni 5. Lazima aonyeshe kwamba biashara yake ipo kweli na inafanya kazi kihalali. Kwamba kazi anayoitangaza ni kazi ya kweli, haikubuniwa ili mtu apate viza. Na kwamba mshahara unafika kiwango kilichowekwa. Lazima pia ataje watu katika ofisi yake watakaobeba dhamana ya leseni hiyo. Wakaguzi wanaweza kuja kumtazama kabla ya kumpa leseni na baada ya kumpa, tena bila kubisha hodi.

Ukisoma hayo, ndugu yangu, utasema: mbona sheria hii ni nzuri? Subiri.

LESENI INAVYOTUNZWA

Aliyepewa leseni huwekwa daraja la A. Tangu hapo hugeuzwa kuwa kama nyapara wa serikali juu ya mfanyakazi wake. Lazima aweke nakala ya pasipoti yake, anwani yake, simu yake, siku alizokuja kazini na siku alizokosa. Mfanyakazi asipofika siku ya kwanza, akikosa kazini siku 10 za kazi mfululizo bila ruhusa, akiacha kazi, au mshahara wake ukipunguzwa, mwajiri hutakiwa kuiarifu serikali katika muda wa siku 10 za kazi.

Mwajiri akilegea katika hayo hushushwa daraja la B. Hapo hulipia mpango wa kujirekebisha, na hawezi kuwaita watu wapya mpaka apande tena. Akikosa zaidi, leseni husimamishwa au hufutwa. Aliyefutiwa hukaa angalau miezi 12 kabla ya kuruhusiwa kuomba tena. Zamani leseni ilidumu miaka 4 kisha ikaombwa upya. Tangu Aprili 2024 sharti la kuomba upya limeondolewa, na mwajiri anabaki na leseni yake maadamu hajaharibu.

Majukumu mengi niliyoyataja ni ya mwajiri kwa serikali: atoe taarifa, aweke kumbukumbu, afungue mlango kwa mkaguzi. Yapo yanayomfaa mfanyakazi pia. Mwajiri hulazimika kulipa mshahara ulioandikwa kwenye cheti, na anayelipa pungufu anaweza kupoteza leseni. Lakini swali la mfanyakazi ni moja: akiipoteza, mimi nitakuwa wapi?

NANI ANAYELIPA?

Mwajiri wa kule huona gharama ni nzito, na kwa kweli si ndogo. Cheti kimoja kilipandishwa mwaka 2025 kutoka pauni 239 hadi pauni 525. Juu ya hapo kuna tozo ya serikali kwa kila mfanyakazi anayeletwa. Tangu Desemba 2025 tozo hiyo ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa mwajiri mkubwa, na pauni 480 kwa mdogo. Fanya hesabu: mwajiri mkubwa anayemleta mtu mmoja kwa miaka 3 hulipa pauni 3,960 za tozo na pauni 525 za cheti, jumla pauni 4,485, kabla mtu huyo hajashika hata ufagio.

Serikali ya huko imesema wazi kwamba gharama hizo ni za mwajiri. Tozo hairuhusiwi kabisa kuhamishiwa kwa mfanyakazi. Na tangu tarehe 31 Desemba 2024, anayemleta mfanyakazi kwa viza ya kazi ya ujuzi hawezi kumdai ada ya cheti wala ya leseni. Mfanyakazi anaweza kulipia viza yake na nauli yake. Cheti halipii.

Lakini sisi tunawajua waajiri. Mwajiri akibanwa na gharama, humtazama nani? Humtazama aliye chini. Wapo wanaoandika katika mkataba kwamba mfanyakazi akiondoka mapema atarudisha gharama zote, ili aogope kuondoka. Wapo wanaozipata fedha hizo huku Afrika, kwa mkono wa wakala, katika bahasha, bila risiti. Shamba la mpwa wangu liliingia katika bahasha kama hiyo.

Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 181 wa mwaka 1997. Kifungu chake cha 7 kinaweka msingi kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Maneno hayo yaandikeni kwenye ubao wa kila tawi.

MLINZI ALIYELALA

Sasa niwajibu waliosema sheria ni nzuri. Kazi ya kutunza wazee ilifunguliwa kwa wageni Februari 2022, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wakiikimbia kwa udogo wa mshahara wake. Leseni zikatolewa kwa wingi. Kisha mkaguzi huru wa mambo ya uhamiaji, David Neal, akakagua mambo hayo mwaka 2023, na taarifa yake ikatolewa Machi 2024. Alikuta kwamba vyeti 275 vilitolewa kwa nyumba ya wazee ambayo haikuwapo. Nyumba hewa, ndugu zangu! Kampuni nyingine, iliyosema wakati wa kupewa leseni kwamba ina wafanyakazi 4, ilipewa vyeti 1,234. Na afisa mmoja wa ukaguzi alikuwa akiangalia waajiri wapatao 1,600.

Hebu fikirini. Hapa kwetu, msimamizi mmoja akipewa wakataji 1,600, si miwa yote itaozea shambani? Hati zilikuwa nzuri, fomu zilikuwa nzuri, ada ililipwa. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama kama mlango upo na kama ndani kuna mzee hata mmoja.

Mlinzi alipozinduka, alizinduka na rungu. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kazi hiyo. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, tangu Oktoba 2020 waajiri hao walikuwa wamehusika na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Mwishowe, tarehe 22 Julai 2025, mlango wa kazi ya kutunza wazee ulifungwa kwa mtu aliye nje ya nchi hiyo.

Hapa nawaomba wale wanachama watatu wasome mara mbili. Mmoja wao ameahidiwa cheti cha kutunza wazee. Mlango huo umefungwa. Anayekuuzia leo cheti hicho wewe uliye hapa kambini, anakuuzia upepo.

MTEGO WENYEWE

Leseni ikifutwa, mwajiri hupoteza leseni, lakini hubaki na nyumba yake, gari lake na uraia wake. Mfanyakazi hupoteza haki ya kukaa. Huandikiwa barua, na kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine mwenye leseni, au kufunga mizigo. Siku 60 katika nchi ya baridi, bila mshahara, na deni la nyumbani mgongoni.

Basi angalieni mtego ulivyo. Mfanyakazi anaibiwa saa zake. Sheria inamwambia: shitaki. Akishitaki, mwajiri anaweza kufutiwa leseni. Leseni ikifutwa, aliyeshitaki ndiye anayeondoka. Kwa hiyo hashitaki. Kwa kuwa hashitaki, mwajiri anaonekana mtu mwema, naye anabaki na daraja lake la A. Sheria iliyowekwa kumbana mwajiri imekuwa kamba shingoni mwa mfanyakazi, na ncha ya kamba iko mkononi mwa mwajiri yuleyule.

Katika nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi huenda kuwa walinzi na wasichana wetu huenda kufanya kazi za nyumbani, jambo hili lina jina lake: kafala. Mdhamini huitwa kafili. Huko kwa miaka mingi mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine mpaka kafili akubali. Kelele za vyama vya wafanyakazi duniani zilifanya kazi: mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti hilo la idhini. Saudi Arabia nayo ililegeza Machi 2021, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Watu husema Ulaya hakuna kafala. Mimi nasema, jina halipo. Mwenye kukushikia ruhusa yako ya kukaa ndiye kafili wako, avae kanzu au avae tai.

MANAMBA WA JANA NA WA LEO

Jambo hili si geni kwetu. Babu yangu alitoka West Nile kuja kwenye miwa kwa karatasi ya mkataba. Aliyemwandikisha alikuwa na ruhusa ya serikali ya kikoloni ya kukusanya watu. Wengine walitoka Rwanda na Burundi. Jirani zetu wa Tanganyika wanalikumbuka neno manamba: watu walioandikishwa mbali, wakapewa namba, wakapelekwa kwenye katani, na mabwana wa katani wakawa na ofisi yao ya kuwaandikisha, iliyoitwa SILABU. Manamba hakujulikana kwa jina la baba yake. Alijulikana kwa namba yake na kwa shamba lililomleta. Akitoroka, hakuhesabiwa kuwa ameacha kazi. Alihesabiwa kuwa ametoroka.

Cheti cha udhamini nacho kina namba. Mfanyakazi akiondoka kwa mwajiri aliyemwita bila mdhamini mwingine wa kumpokea, hana tena pa kusimama. Leo hakuna kiboko, na mtu husafiri kwa ndege badala ya kupanda lori. Hilo ni jema, nami silidharau. Lakini fundo ni lilelile: ruhusa ya kufanya kazi si mali ya anayefanya kazi.

Tena tusitazame mbali tu. Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi kulikuwa na fundi wa mashine kutoka India, mtu hodari na mpole. Kibali chake cha kazi kiliombwa na kampuni na kilitegemea kampuni. Pasipoti yake ilikaa katika kabati la ofisi. Siku moja nilimwambia ajiunge na chama chetu. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu kuelekea ofisini. Wenzangu walikuwa wakimwita kibaraka wa bwana mkubwa, maana wakati wa mgomo alibaki kwenye mashine. Nami nilimwita hivyo. Leo ninaona haya. Alikuwa mpwa wangu kabla mpwa wangu hajasafiri.

Ndiyo maana nasema tusiwachukie wageni wanaoletwa viwandani kwetu. Tuidai serikali ihakikishe kwamba kibali hakitolewi kwa kazi ambayo mwananchi anaiweza, hiyo ni haki yetu. Lakini aliyekwisha kuja ni mfanyakazi, na mahali pake ni katika chama. Mwajiri hufurahi sana akiona mwenyeji anagombana na mgeni, kwa maana wawili hao wakigombana, hakuna anayeuliza habari za mshahara.

TUNADAI NINI

Wenzetu wa Uingereza hawakukaa kimya. Chama cha UNISON, chenye wanachama wengi katika hospitali na nyumba za wazee, kimedai udhamini utolewe mikononi mwa mwajiri mmoja mmoja, uwe wa sekta nzima, ili mfanyakazi anayeonewa ahamie kwa mwajiri mwingine bila kuhofia viza. Dai hilo ni la haki na chama chetu kiliunge mkono kwa barua rasmi. Mfanyakazi akiweza kuondoka, mwajiri mbaya atakosa watu. Hiyo ni adhabu inayompata mwenye kosa.

Na serikali yetu nayo ina sehemu yake. Hapa Uganda, kampuni inayopeleka watu kazini nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2005, zikatungwa upya 2021. Kanuni zipo, tunachodai ni zifike kijijini. Mawakala wanaopita kambini na picha za majengo marefu hawaendi kujitambulisha wizarani. Wanakuja siku ya mshahara, jioni, wakati mtu ana fedha mfukoni na uchovu kichwani.

KABLA HUJATOA SHILINGI

Kwa ndugu yeyote anayefikiria safari, haya ndiyo maswali ambayo mimi sikumwuliza mpwa wangu. Yakateni mkayabandike mlangoni.

Kwanza, uliza jina kamili la mwajiri, na si la wakala. Serikali ya Uingereza hutangaza hadharani orodha ya waajiri wote wenye leseni, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwa simu bila malipo. Kama jina halimo, mazungumzo yameisha. Kama limo, bado usilale: hata ile nyumba hewa ilikuwa na leseni.

Pili, uliza ni kazi gani, na kama kazi hiyo bado inaruhusiwa kwa mtu aliye nje. Masharti yamebadilika mara nyingi. Tangu Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya kazi ya ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka. Wakala anayekuambia kwamba kuokota kuku au kufagia kunaleta viza hiyo, anakudanganya.

Tatu, kazi ya mashamba ina njia yake. Ni viza ya msimu, isiyozidi miezi 6, na mdhamini wake si mwenye shamba, ni mmoja wa waendeshaji wachache walioidhinishwa. Nafasi zina kikomo. Mwaka 2025 zilikuwa 43,000 kwa mboga, matunda na maua, na 2,000 kwa kuku. Viza hiyo haigeuki kuwa ya kudumu, na mfanyakazi hapeleki mke wala watoto. Anayekuahidi zaidi ya hapo anaongeza chumvi ili uongeze fedha.

Nne, cheti hakilipiwi na mfanyakazi. Ukiombwa fedha za cheti, omba risiti yenye maneno "malipo ya cheti cha udhamini". Utaona jinsi anavyokunja karatasi zake.

Tano, soma mkataba, au usomewe na mjumbe wa tawi, hasa pale panaposema utalipa nini ukiondoka. Acha nakala nyumbani.

Sita, ukifika, jiunge na chama cha wafanyakazi juma la kwanza, kabla ya kununua koti. Andika saa zako kila siku katika daftari lako mwenyewe. Siku barua itakapokuja, daftari hilo na kadi ya chama ndivyo vitakavyosema kwa niaba yako.

MWISHO

Najua yatakayosemwa mkutanoni. Itasemwa kwamba mimi nimeshiba ukatibu na nawafungia vijana njia. Jamani, mshahara wa hapa naujua. Najua kwa nini mtu anauza shamba. Mkataji wa miwa ambaye mshahara wake unaishia kwa mwenye duka tarehe 10 hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba kwao kuzuri. Wakala hapati nguvu kwa ulimi wake. Anapata nguvu kwa mshahara wetu mdogo. Kwa hiyo vita yetu ya mishahara hapa na vita ya wenzetu ya vyeti kule ni vita moja.

Lakini mfuko wa akiba si mali yangu, wala si mali ya hao watatu. Ni jasho la watu 400. Ndani yake kuna shilingi za mama wanaopalilia tangu alfajiri, waliojinyima sukari ili waweke akiba. Fedha hizo zikikopeshwa kwa ng'ombe, ng'ombe tutamwona. Zikikopeshwa kwa mabati, mabati tutayahesabu. Zikikopeshwa kununua karatasi ambayo sheria inasema haiuzwi, tutamshitaki nani, na kwa ushahidi gani?

Napendekeza hivi: chama kikatae mikopo ya kununua vyeti. Lakini mwanachama atakayeleta jina la mwajiri aliyemo katika orodha, mkataba uliosomwa na tawi, na wakala mwenye leseni ya wizara asiyedai fedha za cheti, huyo akopeshwe nauli na ada ya viza kama mkopo mwingine wowote, na tumsindikize kwa ngoma.

Mpwa wangu ameahidi kuja mkutanoni. Hajawahi kusema mbele ya watu habari zake, anaona aibu. Nimemwambia aibu si yake. Atakaposimama, tafadhali tumsikilize mpaka mwisho, ndipo tupige kura.

Umoja ni nguvu.

Mwandalizi wa tawi